Maswali na majibu: kutembelea magofu, ngome na nyumba za kale za mashambani Uingereza na watoto

Maswali ya safari hii yametoka kwa wasomaji wanaoishi Uingereza, na mmoja anayesubiri wageni kutoka Tanga.

Tuna watoto watatu na tunakaa Reading. Tujiunge na National Trust au English Heritage?

Yote mawili ni mashirika ya hisani yanayotunza maeneo ya kale, na mwanachama anayelipa ada huingia bure. Inategemea mnapenda kuona nini. National Trust, iliyoanzishwa 1895, ina nyumba nyingi za mabwanyenye wa zamani, bustani na vipande vya pwani. English Heritage inatunza maeneo zaidi ya 400, na mengi ni ngome, abasia (nyumba za zamani za watawa) zilizobaki kuta na mabaki ya Warumi. Kwa watoto wadogo wanaopenda kukimbia tunashauri magofu. Pale kuna nyasi na kuta nene, wakati ndani ya nyumba ya kifahari mzazi anashinda akisema "usiguse".

Tazameni pia hesabu ya watoto. Mtu mzima mwenye kadi ya English Heritage anaingia bure na watoto wa familia yake hadi 6 walio chini ya miaka 18. National Trust hawatozi watoto chini ya miaka 5, na mwanachama haegeshi kwa malipo kwenye maegesho yao mengi.

Mkishafika langoni na bado mnasitasita, ulizeni kuhusu uanachama kabla ya kulipa tiketi. Na mkionyeshwa bei mbili, moja ikiwa na Gift Aid (mpango unaoliwezesha shirika la hisani kudai serikalini kodi aliyolipa mtoaji), hiyo ya juu ina mchango wa hiari juu yake. Si lazima, na asiyelipa kodi ya mapato Uingereza, kama wanafunzi wengi, achague bei ya kawaida.

Wazazi wangu wanakuja kutoka Tanga na wanataka kuona Stonehenge. Tujiandae vipi?

Stonehenge ni mduara wa mawe makubwa ya kale katika mkoa wa Wiltshire. Kateni tiketi mtandaoni mapema, kwa sababu kila tiketi ina muda wake wa kuingia. Barabara ya A303 husongamana sana Ijumaa jioni na siku za sikukuu, na mkichelewa muda wenu utakuwa umepita. Msio na gari, shukeni stesheni ya Salisbury. Kuna basi la watalii linaloanzia hapo.

Jambo linalowachosha wazee ni umbali. Kituo cha wageni kiko kama kilomita 2.4 kutoka kwenye mawe. Kuna basi dogo linalopeleka watu na kuwarudisha; wapandisheni wazee humo, wenye nguvu watembee. Nendeni chooni kabla ya kuondoka kituoni, na mchukue koti hata kama jua linawaka. Mawe yako kwenye uwanda mtupu, upepo haukingwi na kitu.

Waelezeni mapema pia kwamba saa za kawaida mgeni hazunguki katikati ya mawe wala hayagusi. Anapita njia ya pembeni. Wengi hurudi wamenuna kwa sababu hii tu. Kama kugusa ndiyo hamu yenu, nendeni Avebury, kaskazini mwa hapo katika Wiltshire hiyo hiyo. Ule ndio mduara mkubwa kuliko yote ya mawe, mkubwa hata kijiji kimeingia ndani yake. Kuingia kwenye mduara ni bure, mnalipia maegesho tu. Watoto wanakumbatia jiwe wanalolitaka, ila kondoo wanakula majani humo humo, kwa hiyo beba maji ya kunawa mikono kabla ya kula.

Mtoto ana mwaka mmoja. Kigari kitapita ndani ya ngome?

Uani kitapita, minarani hapana. Ngome kama Bodiam ya Sussex, iliyojengwa kuanzia 1385 na kuzungukwa na maji pande zote, ina ngazi za mawe zinazozunguka, nyembamba na zilizolika katikati. Mtu mzima mmoja apande na wakubwa, mwingine abaki chini na mdogo, kisha mbadilishane. Mnaposhuka, kaeni upande wa nje ambako kidato ni kipana.

Kwenye nyumba za kale tatizo ni jingine: vigari vikubwa na mikoba ya mgongoni huachwa mlangoni, kwa kuwa hugonga samani. Mbeleko ndiyo jibu, lakini mfunge mtoto mbele au ubavuni. Akiwa mgongoni humwoni anaponyoosha mkono kwenye chombo cha kaure.

Hatuna gari, na siku yetu ya mapumziko ni Jumapili.

Treni si tatizo. Kadi ya Family & Friends Railcard inapunguza nauli ya wakubwa kwa theluthi moja na ya watoto wa miaka 5 hadi 15 kwa asilimia 60, mradi awepo angalau mtoto mmoja safarini. Tatizo ni kipande cha mwisho. Mabasi ya vijijini Jumapili huwa machache sana au hayapo kabisa. Angalieni kwanza basi la mwisho la kurudi, ndipo mpange saa ya kwenda. Na chukueni chakula chenu: chapati, mayai ya kuchemsha, chai kwenye chupa. Kula kwenye nyasi kwa kawaida kunaruhusiwa, kuwasha moto wa nyama choma hapana.

Kuna sehemu yoyote huko mashambani inayogusa historia yetu?

Ipo, na tungependa kila mzazi anayezungumza Kiswahili aijue. Newstead Abbey, Nottinghamshire, inatangazwa kama nyumba ya mshairi Byron. Lakini mwaka 1864 na 1865 David Livingstone alikaa humo akiandika kitabu chake kuhusu Zambezi, na mwaka 1874 walifika hapo wasaidizi wake Waafrika, Abdullah Susi na James Chuma.

Hawa ndio walioongoza msafara uliobeba mwili wa Livingstone kutoka kijiji cha Chitambo, Zambia ya leo, mpaka Bagamoyo. Moyo wake waliuzika kule Chitambo, mwili wakaukausha na kuusafirisha kwa miezi mingi. Walipofika Uingereza mazishi yake katika kanisa la Westminster Abbey, London, Aprili 18 mwaka huo wa 1874, yalikuwa yamekwisha. Hata hivyo walimsaidia kasisi Horace Waller kuandaa shajara za mwisho za Livingstone kwa ajili ya kuchapishwa, wakimweleza yale ambayo maandishi peke yake hayakusema. Picha yao waliyopigwa Newstead bado ipo. Itafuteni mtandaoni muwaonyeshe watoto kabla ya safari, kisha msimame nao mbele ya jengo.

Kutoka Nottingham pandeni basi la kwenda Mansfield, mshuke kwenye lango la Newstead lililo barabara ya A60. Kutoka langoni hadi kwenye nyumba ni kama kilomita moja na nusu kwa miguu, chini ya miti, kwa hiyo vaeni viatu visivyoogopa tope. Nyumba yenyewe haifunguliwi kila siku kama bustani; angalieni siku zake kabla ya kukata tiketi ya treni.