Meza Kwanza, Mashine Baadaye

Wiki iliyopita msomaji mmoja wa Tabata, mhasibu kama mimi, aliniandikia akitaka kujua kama kweli inawezekana kufanya kazi huku unatembea juu ya mashine ya mazoezi yenye mkanda unaozunguka, iliyowekwa chini ya meza, na kama tumbo lake litapungua kabla ya harusi ya mdogo wake. Nilimjibu kwa kifupi, lakini swali lake ni la wengi wetu tunaoshinda mbele ya kompyuta, hivyo ninalijibu hapa kwa urefu.

Mimi nilianza kwa sababu ya mgongo. Kazi yetu haina huruma: kufikia tarehe 7 kodi ya mishahara iwe imewasilishwa, kufikia tarehe 20 ritani ya VAT nayo iwe imeingia, na katikati ya tarehe hizo mtu huinuka kitini kwa ajili ya chakula na choo tu. Katika ofisi iliyokuwa imeniajiri wakati huo niliomba meza ya kufanyia kazi nikiwa nimesimama, nikaomba kwa adabu, tena kwa maandishi. Meneja alilisoma ombi langu kwa sauti katika kikao cha Jumatatu, akasema ofisi si ukumbi wa mazoezi, na wenzangu wakacheka, wakiwemo waliokuwa na vidonge vya presha kwenye droo zao. Sijasahau, wala sioni kwa nini nisahau. Nilipoacha kazi na kuanza kuhudumia wateja wangu nikiwa nyumbani Kijitonyama, kitu cha kwanza nilichoagiza kilikuwa meza.

Narudia: meza, si mashine. Watu wengi hukimbilia mashine, kisha wanaiweka mbele ya meza ya chakula, wanainama juu ya kompyuta mpakato, na baada ya siku chache shingo inawauma na mashine inageuka kuwa mahali pa kuanikia nguo. Meza ya kawaida ya ofisi ina kimo cha sentimita 75 hivi, ambacho ni kimo cha mtu aliyekaa. Anayetembea anahitaji meza inayolingana na viwiko vyake vilivyokunjwa, na vipimwe akiwa ameinuliwa kama atakavyoinuliwa na mashine yenyewe. Kwa kuwa mashine yangu ilikuwa haijafika, fundi wangu wa Keko alipanga vipande vya mbao hadi sentimita 12, nikasimama juu yake, akavuta futikamba kutoka sakafuni hadi kiwikoni, akasoma sentimita 114, akapima tena, kisha akaniuliza, “Dada, hii ni meza au kaunta ya baa?” Nikamwambia aandike hivyohivyo. Kioo cha kompyuta nacho kiinuliwe hadi usawa wa macho, na hapo utahitaji kibodi ya kuchomeka pembeni.

Sasa tuje kwenye tumbo. Mwaka 2007, Dakta James Levine wa hospitali ya Mayo Clinic, Marekani, pamoja na mwenzake, walichapisha utafiti uliowahusisha watu 15 wenye unene uliokithiri ambao kazi zao zilikuwa za kukaa. Walipofanya kazi wakiwa wamekaa walitumia wastani wa kilokalori 72 kwa saa. Walipotembea kwa mwendo wa chini ya kilomita 2 kwa saa, walitumia 191. Tofauti hiyo ni kubwa kwa anayeifanya kila siku, lakini haina nguvu mbele ya sahani ya chipsi mayai ya saa nne usiku, na ni haki yenu kuambiwa hivyo. Tena mwendo huo ni mwepesi mno kuweza kuchukua nafasi ya mazoezi: Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linataka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 kwa wiki za shughuli za nguvu ya wastani, yaani zile zinazokufanya uheme kidogo. Mashine ya mezani inapunguza kukaa. Kwa jasho la kweli, ufukwe wa Coco upo na hauna kiingilio.

Na kukaa si jambo dogo. Mwaka 1953 mtafiti Mwingereza Jeremy Morris na wenzake walichapisha matokeo ya kuwalinganisha madereva na makondakta wa mabasi ya London, wakaona kwamba dereva aliyeshinda amekaa aliugua moyo zaidi kuliko konda aliyeshinda akipanda na kushuka ngazi za basi la ghorofa. Kila ninapomwona konda wetu ananing’inia mlangoni mwa daladala huwa najiuliza ni nani katika gari lile mwenye afya kuliko wote, na kwa hakika si mimi abiria wa siti ya dirishani.

Ndugu zangu, msitembee kwa kila kazi. Mimi nasoma mikataba, najibu barua pepe na kusikiliza vikao vya mtandaoni nikiwa natembea; kuingiza tarakimu na kulinganisha taarifa za benki nafanya nikiwa nimekaa, kwa sababu mkono unaoshika mausi huyumba mwili unapoyumba, na sifuri moja ya ziada kwenye ritani ina gharama yake. Anza na nusu saa, kwa kilomita moja na nusu kwa saa, hata kama unaona aibu kwa mwendo huo wa konokono. Ukishuka sakafu itaonekana kama bado inasogea. Shika meza, itapita. Vaa raba, si ndala. Kina dada, dera linaloburuza ni hatari, kwa maana pindo likiingia chini ya mkanda litakuvuta nalo. Tembea asubuhi kabla joto halijapanda, feni ikiwa imekuelekea. Na kama una watoto, chomoa waya ukimaliza, maana vidole vyao vinatosha kabisa pale mkanda unapoingilia. Mwenye kisukari, presha au tatizo la magoti amwone daktari kwanza, na hili silisemi kwa kutimiza desturi.

Mashine yenyewe iwe ya kutembelea tu, nyembamba, isiyo na vishikio vya mbele, kwa kuwa zile kubwa za kukimbilia hazipiti chini ya meza na kelele zake zitakugombanisha na jirani wa chini. Hata hii ndogo itandikie zulia la mpira. Ichomeke moja kwa moja ukutani kupitia stebilaiza, usitumie ekstensheni nyembamba ya kuchajia simu, na umeme ukikatika katikati ya hatua, mkanda husimama ghafla, kwa hiyo viganja visiwe mbali na meza. Dukani soma kibandiko cha uzito wa juu inaoubeba, kisha ulizia mafuta ya silikoni ya kulainishia mkanda, kwani ukikauka mota hulemewa. Ipande kwa uzito wako mwenyewe, utembee mpaka uisikie inavyolia. Muuzaji akikataa kuiwasha mbele yako, mwage kwa heri. Kariakoo maduka hayajaisha.