Kitabu unachokitafuta kipo, ila si kwa jina hilo

Miaka kadhaa nyuma nilihangaika sana kutafuta hadithi za zamani za Kiswahili, zile zilizokusanywa kabla karne ya 20 haijaanza au ndo inaanza, na kila nikiingia Google nikaandika "hadithi za kale za Kiswahili pdf" naletewa vitu havieleweki, saiti zinakuonyesha jalada zuri kabisa afu ukibonyeza unaambiwa weka namba ya kadi ya benki eti tuthibitishe wewe ni mtu kweli. Moja niliweka. Hela ikakatwa mwezi wa kwanza, ikakatwa na wa pili kabla sijashtuka, na kitabu sikukiona. Naandika haya manake kila wiki kuna mtu ananiuliza, hasa wanafunzi, nitapata wapi vitabu vya zamani na nyaraka za historia bila kulipa, na nikiwauliza wametafutaje naona wanapita kulekule nilikopita mimi.

Kilichonitoa gizani ni tanbihi. Nilikuwa nasoma tasnifu ya mtu, chini ya ukurasa kwa maandishi madogo kuna jina la Mjerumani, Carl Velten, na mbele yake neno "Suaheli". Si Swahili, Suaheli. Nikalinakili lilivyo, nikaliweka peke yake kwenye Internet Archive, baadae na kwenye HathiTrust (zote ni maktaba za mtandaoni, nitazieleza huko chini), na jamani vitu vikamwagika. Velten mwenyewe na Desturi za Wasuaheli ya 1903, Büttner na Anthologie aus der Suaheli-Litteratur ya 1894 (hiyo Litteratur ina t mbili, ndo tahajia yao ya wakati ule, ukiweka moja unaweza kuikosa), kamusi ya Krapf ya 1882 ambayo yeye kaandika Suahili, kwa hiyo hapo tayari una majina matatu ya lugha moja. Miezi yote ile vitabu vilikuwepo, bure kabisa, mimi ndo nilikuwa naviita jina ambalo havijawahi kuwa nalo.

Hili ndo jambo kubwa kuliko yote nitakayosema humu. Mkutubi anapoorodhesha kitabu ananakili jina lililopo kwenye ukurasa wa mbele, harekebishi, na akiwa makini sana ndo anaongeza na jina la siku hizi pembeni. Kwa hiyo kabla hujatafuta jiulize, mwaka kitabu kinatoka watu walikuwa wanaiitaje hii nchi, huu mji, hii lugha, na mwandishi ni wa taifa gani manake Mjerumani ataandika Sansibar na Mfaransa ataandika kivyake. Istanbul itafute pia kama Constantinople. Tolstoy mtafute na kama Tolstoi. Na kama huna hayo majina, yako kwenye tanbihi na orodha za marejeo za tasnifu, watu wameshahangaika miaka wakayaweka pale, mi siku hizi tasnifu naanza kuisoma kwa nyuma.

Kuna na tatizo jingine linalofanana na hilo. Kitabu kikiskaniwa kinakuwa picha tu, afu inakuja programu inayogeuza picha kuwa maandishi ili uweze kusachi ndani, na hiyo programu inakosea. Chukua vitabu vya Kiingereza vya kabla ya 1800 hivi, walikuwa na s ndefu inayofanana sana na f, sasa kompyuta inaisoma f, kwa hiyo "song" kwenye maandishi inakuwa "fong". Mtu anasachi neno lililo sahihi kabisa anaambiwa hamna, kumbe liko kurasa arobaini. Ukiona kitabu kiko mbele yako na neno unajua lazima limo, andika kipande tu cha neno, au andika lile kosa lenyewe kama kompyuta ingelikosea, na ikishindikana fungua yaliyomo ufunue kurasa kwa macho.

Sasa wapi pa kwenda. Mimi naanzia Internet Archive karibu kila siku. Ilianzishwa 1996 na Brewster Kahle kule San Francisco na ni ghala la kila kitu, vitabu, sauti, filamu, kurasa za mtandao zilizokufa. Wengi wanaingia mara moja wanakutana na kitufe cha Borrow wanadhani vitabu vyote ni vya kuazima wanatoka. Hapana. Vile vya kuazima ni vile ambavyo bado vina hakimiliki, unafungua akaunti ya bure unapewa muda, ila vitabu vya zamani vyenyewe havina masharti, pembeni ya matokeo kuna sehemu ya kuchuja, chagua vile vinavyopatikana muda wote, chagua na miaka. Pia pale unapoandika neno kuna namna mbili, kutafuta kwenye majina na maelezo tu, au kutafuta ndani ya maandishi ya vitabu vyenyewe, na hii ya pili watu wengi hawaigusi kabisa wakati ndo yenye utajiri. Unaandika jina la mtawala mdogo ambaye hana kitabu chake, unaletewa aya moja kwenye kitabu cha msafiri ambacho usingekifungua maisha yako yote.

Ukifika kwenye kitabu usichukue nakala ya kwanza unayoiona. Kitabu kimoja kinaweza kuwa kimeskaniwa mara tatu nne kutoka maktaba tofauti na ubora hauko sawa, kuna nakala nilichukua ramani ilikuwa imekunjwa na aliyeskani hakuikunjua, nikarudi kuchukua nyingine ya maktaba nyingine ramani imefunguliwa yote. Kuna kurasa unaona kidole cha mtu aliyekuwa anafunua. Mi hicho kidole kinanigusa kila nikikiona, kuna binadamu alikaa kwenye mashine anageuza kurasa siku nzima ili mimi nisome usiku kwenye simu bila kumlipa. Kingine, angalia ukubwa wa faili, PDF ya kitabu kimoja inaweza kumaliza bando lako lote, kwa hiyo kama unachotaka ni maneno tu chukua maandishi matupu au EPUB (faili jepesi la kusomea kitabu kwenye simu), ukijua kwamba makosa ya ile programu yamo.

Ukitaka maandishi masafi nenda Project Gutenberg. Hao ndo wakongwe, Michael Hart alianza 1971 kwa kuandika kwenye kompyuta Tangazo la Uhuru la Marekani, na leo wana vitabu zaidi ya 70,000 ambavyo vingi vimepitiwa na watu wa kujitolea, ukurasa baada ya ukurasa, wakilinganisha picha na maandishi. Faili zake nyepesi, hamna akaunti, hamna matangazo. Upungufu wake ni kwamba vingi mno ni vya Kiingereza, na saa zingine kitabu hakisemi kimetoka kwenye toleo lipi, kwa hiyo kama unaandika kazi ya chuo unataka kunukuu namba ya ukurasa rudi kwenye picha za Internet Archive au HathiTrust. Na kama macho yamechoka kuna LibriVox, hivyohivyo vitabu visivyo na hakimiliki vimesomwa kwa sauti na watu wa kujitolea.

HathiTrust ni muungano wa maktaba za vyuo vikuu, ulianza 2008, hathi ni tembo kwa Kihindi manake tembo hasahau. Wana mamilioni ya vitabu lakini hapa uwe na subira, ukiwa nje ya Marekani vitabu vingine vinafungwa kwa sababu za kisheria, na kupakua kitabu kizima kwa mara moja mara nyingi wanataka uwe mwanachama kupitia chuo, ila kusoma ukurasa kwa ukurasa ruksa kwa vile vilivyo wazi. Na hata kitabu kilichofungwa usikiache, kinakubali kusachi neno na kinakupa namba za kurasa, kwa hiyo unajua kabisa nenda maktaba fungua ukurasa wa 212. Hiyo imeniokolea siku nyingi sana.

Kwa Kifaransa nenda Gallica ya maktaba ya taifa ya Ufaransa, kwa magazeti ya Australia kuna Trove ambako wasomaji wenyewe wanaruhusiwa kusahihisha maandishi yaliyokosewa, kwa magazeti ya zamani ya Marekani ni Chronicling America, na kwa maandiko ya Wagiriki na Warumi wa kale ni Perseus, unabonyeza neno linakufafanulia.

Miswada ya mkono nataka niikalie kidogo. Hii huwezi kuipata kwa kusachi maneno ya ndani kwa sababu mara nyingi hamna kompyuta iliyoisoma, unatafuta kwa jina la mkusanyaji au mahali. SOAS, chuo kimoja cha London, wana miswada ya Kiswahili kwa herufi za Kiarabu mtandaoni, na British Library, maktaba ya taifa ya Uingereza, wana mradi wao wa nyaraka zilizo hatarini kupotea ulioanza 2004, ndani yake kuna mpaka miswada ya Msikiti wa Riyadha, Lamu. Mara ya kwanza nafungua mmoja nilikuza picha mpaka nikaona wino umekolea pale kalamu ilipochovywa upya, afu unafifia taratibu mpaka neno la mwisho wa mstari, unakolea tena. Nilikaa na ukurasa mmoja karibu saa nzima.

Kuhusu sheria, kwa kifupi tu. Nchi nyingi zinahesabu miaka 50 au 70 tangu mwandishi afariki. Marekani kila tarehe 1 Januari linafunguka kundi la mwaka mmoja zaidi, 2026 ilikuwa zamu ya vitabu vilivyotoka 1930. Ila tafsiri ina hakimiliki yake, kitabu kinaweza kuwa na miaka elfu mbili na mtafsiri wake bado yuko hai, hapo ndo wengi wanaposhangaa kwanini kazi ya kale imefungwa. Tafuta tafsiri ya zamani zaidi, utaipata.

Na ukikipata kihifadhi siku hiyohiyo, usihifadhi linki tu. Oktoba 2023 British Library ilivamiwa na wadukuzi, huduma zake za mtandaoni zikalala miezi mingi, na mwaka uliofuata Oktoba hiyohiyo Internet Archive nayo ikashambuliwa ikawa haifunguki kwa siku kadhaa. Mi faili nalipa jina la mwandishi, mwaka, na maktaba ilikotoka, afu naweka kopi sehemu mbili. Linki ikishakufa kabla hujawahi, chukua ile anwani iweke kwenye Wayback Machine ya haohao Internet Archive, ina kumbukumbu za kurasa za miaka na miaka, japo PDF yenyewe saa zingine inakuwa haikuchukuliwa.

Kama kuna kitabu umekitafuta hujakipata niachie kwenye komenti jina, mwaka hata wa kukisia, na lugha mwandishi aliyoandikia, tujaribu pamoja majina yake mengine.