Maswali Yenu: Jambia Limefika na Kutu, Mnunuzi Adai Pesa Zake

Niliuza jambia mtandaoni kwa mnunuzi wa Ufaransa, dola 240, nikalipwa kwa PayPal. Kifurushi kilikaa njiani siku 19. Sasa asema ubapa umeota kutu na mpini wacheza, kwa hivyo sicho nilichokitangaza. Amefungua malalamiko, ataka pesa zote na jambia abaki nalo. Mimi nililifunga likiwa safi, na picha nne ninazo. Nifanyeje?
*Msomaji, Langoni, Lamu*

Ndugu yetu, usimjibu leo ukiwa na hasira, wala usimhamishie WhatsApp. Kila neno liandikwe kwenye ukurasa wa malalamiko yenyewe, kwa kuwa huko ndiko PayPal itakakosoma ikiombwa kuamua. Angalia tarehe pia. Mnunuzi ana siku 180 tangu alipe kulalamika, na akishafungua, mna siku 20 za kuelewana wenyewe. Akiyapandisha yakawa dai la kuamuliwa na PayPal, utapewa siku ya mwisho ya kujibu. Ikipita umenyamaza, pesa zitarudi kwake hata kama haki ilikuwa yako.

Kisha mwombe picha: jambia zima pande zote mbili, kutu kwa karibu na rula kando yake, mahali ubapa unapoingia mpinini, na sanduku lenye anwani. Kutu yenyewe hueleza ilikotoka. Ikiwa nyekundu, ya unga, na yatoka kwa kidole, ni ya juzi. Ikiwa nyeusi au ya kahawia na imeshikana na chuma, ni ya zamani. Kama yaonekana katika zile picha zako nne, hukumficha kitu, nawe mwoneshe. Ukiona mistari ya kidole gumba imejichora ubapani, hilo ni jasho la mtu aliyeushika kabla haujafungwa. Na ikiwa kutu imeenea pale tu ubapa ulipolala ndani ya ala, basi kosa ni la ngozi. Ngozi hunywa unyevu wa hewa yetu ya bahari, na ina chumvi na dawa zilizobaki tangu ilipotengenezwa. Chuma kikifungiwa humo siku 19, kutu haikosi. Twahofu ndivyo ulivyolituma.

Mpini ni jambo jingine. Msuka, yaani ncha ya ubapa inayoingia mpinini, katika majambia mengi hukazwa mpinini kwa utomvu mgumu, haukupigiliwa misumari. Utomvu huo hulainika kwa joto na hupasuka kwa kuangushwa. Mti nao, ukitoka Lamu kwenye unyevu ukaingia nyumba ya Ulaya yenye hita, hukauka na kusinyaa, mpini ukaanza kucheza bila ya mtu kuugusa. Mweleze hivyo, lakini usimwambie ni shauri lake. Aliyefunga kifurushi ni wewe, na kilichoharibika kabla hajakipokea kiko juu yako.

Sasa suluhu. Kutu mpya ya juu juu huondolewa na fundi, kwa hivyo mpe nafasi ya kubaki na jambia umrudishie dola 40 au 50. Akikataa, arudishe jambia ndipo arudishiwe zote. Kubaki na jambia na pesa pia, hilo usikubali. Pesa uzirudishe kwa kubonyeza kitufe cha kurudisha katika muamala ule ule. Ukimtumia kama malipo mapya, malalamiko yatabaki wazi na waweza kulipa mara mbili. Usirudishe zote kabla namba ya kufuatilia haijaonesha kwamba kifurushi kimekufikia, na ukikifungua, kifungue mbele ya kamera bila kukata video. Wapo wanaorudisha jambia jingine. Ndiyo maana picha nne ni chache mno: kabla ya kutuma piga kumi na mbili, ukiwamo mgongo, ncha, kila ufa na alama moja ya nyundo isiyoweza kuigwa, na uandike urefu kwa sentimita na uzito kwa gramu.

Siku nyingine funga hivi. Vaa glavu, pangusa ubapa kwa spiriti kuondoa alama za mikono, uuache ukauke. Paka mafuta ya cherehani, matone mawili matatu yaliyotandazwa kwa kitambaa mpaka yasionekane. Mafuta ya nazi usiyatie, huganda na hunuka. Zungushia karatasi iliyopakwa mafuta hayo hayo, si gazeti, ncha uichomeke kwenye kizibo, kisha tia ndani ya mfuko wa plastiki pamoja na vipakiti viwili vya kukausha unyevu. Ala ifungwe peke yake. Ukilitikisa sanduku lisisikike kitu. Kwenye fomu ya forodha andika kisu cha mkusanyaji na bei yake halisi. Ukiandika «zawadi, dola 20», kikipotea ni hizo 20 utakazofidiwa. Na mzigo wa dola 750 au zaidi, PayPal hutaka sahihi ya aliyeupokea.

Nilimuuzia mtu wa Nairobi kotama mbili za wagema na sime moja, Sh6,500 kwa M-Pesa. Alipochukua mzigo wake kwenye ofisi ya basi, akaomba muamala urudishwe, ati alikosea namba.
*Msomaji, Malindi*

Ombi la namna hiyo hutumwa kwa Safaricom, namba 456, na mwenye namba iliyopokea hutafutwa kabla ya kuamuliwa. Pokea simu hiyo na jibu upesi: yalikuwa malipo ya bidhaa, na risiti ya basi yenye jina lake hii hapa. Tunza mazungumzo yote mliyofanya tangu kuulizana bei. Akizidi kukusumbua, Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai ya hadi Sh1,000,000 na sheria yataka iamue ndani ya siku 60. Na kabla hujapeleka mzigo wowote stendi, hakikisha salio kwa menyu yako mwenyewe, *334#. Ujumbe wa malipo ya uongo huandikwa vizuri sana.

Nina jambia la babu. Nasikia mpini ni pembe ya kifaru. Nikiandika «la karne ya 18» litapata bei?
*Msomaji, Shela*

Bibi wa Shela, kama mpini ni wa kifaru, haliuziki, wala haijalishi ni la urithi. Biashara ya kimataifa ya pembe hiyo ilifungwa chini ya CITES, mkataba wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, tangu 1977, na Sheria ya Wanyamapori ya Kenya ya 2013 ina adhabu kali hata kwa kuwa nayo tu. Nenda Shirika la Huduma kwa Wanyamapori uwaambie unacho nini, kabla hujapiga picha hata moja ya mnada. Huenda ikawa pembe ya ng'ombe au nyati, ambayo ndani ina uwazi.

Ama ile karne ya 18, tafadhali usiiandike. Chini ya sheria ya makumbusho ya 2006, kitu kilichotengenezwa au kuletwa Kenya kabla ya 1895 ni cha kale: hakitoki nchini bila kibali, na kukifanyia biashara kwataka leseni. Ukiwa umesema kweli, umejishtaki mwenyewe hadharani. Ukiwa umebahatisha, mnunuzi atalipeleka kwa mjuzi, na malalamiko yake yatakuwa na haki. Lipeleke Makumbusho ya Lamu, pale mbele ya bahari, walitazame. Mpaka hapo andika unachokiona tu: urefu, uzito, chuma cha aina gani, na kama nakshi ni ya fedha iliyopimwa au ni rangi ya fedha.