Kulia kwa nani? Kupima mapafu kwa altrasaundi ukiongozwa kwa simu

Mara ya kwanza kuongozwa kwa simu nipime mapafu, dakika tano ziliishia kwenye neno moja: kulia. Daktari wa picha yuko Mwanza, mimi niko kituo cha afya Ukerewe, bibi amekaa kitandani anahema kama katoka kupanda mlima. "Sogeza kulia," daktari anasema. Nikasogeza kulia kwangu. Kumbe yeye alimaanisha kulia kwa bibi. Nikarekebisha, akasema nimezidisha. Safari hii alikuwa anasema kulia kwa kioo. Bibi akaniuliza, "Mjukuu wangu, huyo kwenye simu ananiona na mimi, au anaona mashine tu?"

Siku hizi sipaki hata jeli kabla hatujakubaliana maneno. Kulia na kushoto tumeyafuta. Tunasema kuelekea kichwani, miguuni, kifuani, mgongoni. Na mkono una kazi nne tu: kutelezesha, yaani probu (kile kifaa cha mkononi kinachogusa ngozi) inahama mahali, kuinamisha, yaani inabaki pale pale ila mkia wake unalala, kuzungusha, na kukandamiza. Ukiambiwa inamisha nawe ukatelezesha, picha nzuri uliyokuwa nayo inakimbia, na kuirudisha ni shughuli. Ile alama ya ubavuni mwa probu ielekeze kichwani mwa mgonjwa, kisha iache hapo.

Halafu punguza kasi. Picha inamfikia mwenzako ikiwa imechelewa, kwa hiyo anakusimamisha mahali ulipokwishapita. Mwaka 2004 wanaanga Mike Fincke na Gennady Padalka walitazama bega kwa altrasaundi wakiwa kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga, wakiongozwa kutoka Houston, na wao si madaktari. Kwa hiyo kuongozwa hakunitii aibu. Nikisikia "simama" nasimama, nahesabu hadi tatu, ndipo nauliza anaona nini.

Mtandao ukigoma, rekodi video fupi ya pumzi mbili tatu umtumie, bila jina la mgonjwa, na baada ya kumwomba ruhusa. Picha mgando haitoshi, maana jambo la kwanza linalotafutwa ni utando wa mapafu kuteleza mtu anapovuta hewa.

Kwa miaka mingi ilisemwa mapafu hayapimiki kwa altrasaundi, kwa kuwa hewa haipitishi mawimbi yake vizuri. Mfaransa Daniel Lichtenstein na wenzake ndio waliotuonyesha kwamba hata vivuli vya uongo vinavyoletwa na hewa hiyo vinasomeka. Tafuta vivuli viwili vya mbavu; katikati yake kuna mstari mweupe, huo ndio utando. Chini yake ukiona mistari ya kulala inayojirudia kwa nafasi sawa, hiyo ni mistari A, hewa ipo. Ukiona miale inayoshuka kutoka kwenye utando hadi chini ya kioo kama tochi kwenye vumbi, hiyo ni mistari B, pafu lina unyevu. Mmoja au miwili isikutishe. Mitatu na zaidi kwenye pengo moja la mbavu, mwambie daktari.

Maji yaliyo nje ya pafu ni habari nyingine. Hayo hutuama chini na huonekana meusi juu ya kiwambo, ule msuli unaotenganisha kifua na tumbo, kwa hiyo mkalishe mgonjwa na upime mgongoni. Na usimruhusu mtu nyumbani eti "altrasaundi safi". Ugonjwa uliojificha katikati ya pafu, hewa ikiwa imeuzunguka, hauonekani. Mwenye kikohozi cha wiki mbili bado anatakiwa kupimwa makohozi.

Turudi kwa bibi. Nilikuwa namtibu nimonia, siku ya tatu hiyo. Tulipoelewana maneno, mistari B ikajitokeza pande zote mbili, karibu sawasawa, na utando wenyewe mwembamba, hauna mikwaruzo. Daktari akanyamaza. Nikadhani mtandao umekata tena.

"Miguu yake ikoje?" akauliza.

Nikamvua bibi soksi. Nikabonyeza juu ya kifundo, nikahesabu hadi kumi, nikatoa kidole. Shimo likabaki: maji yamejaa mwilini, huenda shida ni moyo, si nimonia. Na soksi zile zilikuwa mguuni tangu siku niliyomlaza.