Bastola ya Texas, harusi ya Massachusetts: kwa mwenye grini kadi anayetaka kusafiri nayo

Mkuu, kwa wanaosoma sasa hivi, swali lako ni hili: una grini kadi, unakaa Dallas, umenunua Glock 19 na huna leseni ya kuibeba kwa kuwa Texas hailazimishi. Mwezi ujao unaendesha gari hadi Lowell, Massachusetts, kwenye harusi ya shemeji yako. Unataka kujua kama unaweza kwenda nayo, na kama leseni ya Texas itakulinda huko. Kwa Massachusetts jibu ni hapana, uwe na leseni ya Texas au usiwe nayo. Hata hivyo leseni ichukue, sababu nitazieleza.

Nianze na uhamiaji, maana hapo ndipo watu wetu wanapoumia kuliko wenyeji. Sheria ya shirikisho inamruhusu mwenye grini kadi kununua na kumiliki silaha, na vivyo hivyo mkimbizi aliyepokelewa rasmi au mtu aliyepewa hifadhi. Aliyeingia kwa viza ya muda, awe mwanafunzi wa F-1, mfanyakazi wa H-1B au mgeni wa B-2, amekatazwa, isipokuwa awe na msamaha uliotajwa na sheria, kwa mfano leseni halali ya uwindaji ya jimbo. Katazo hilo linagusa hata kukodi bastola kwenye uwanja wa shabaha siku ya Jumamosi. Vijana wengi wa chuo hawalijui hili, na wanajipiga picha wakiwa wameishika.

Kwa mwenye grini kadi, hatia ya kununua, kumiliki au kubeba silaha kinyume cha sheria, iwe ya jimbo au ya shirikisho, ni sababu ya kufukuzwa nchini. Haijalishi kwamba hakimu alikupa kifungo cha nje. Jirani yako raia akimaliza adhabu yake anarudi nyumbani, wewe unaanza kesi ya pili mbele ya hakimu wa uhamiaji. Kwa hiyo pale wenyeji wanapokwambia "hapa kila mtu anabeba, usijali", kumbuka kwamba wao hawachezi na kitu kile kile unachocheza nacho wewe.

Ukinunua nyingine, ijaze mwenyewe, polepole, Fomu 4473, ile fomu ya shirikisho ya kununulia silaha dukani. Kwenye uraia andika nchi yako na namba yako ya uhamiaji. Kujidai raia wa Marekani, hata kwa kuteleza kalamu, ni kosa linaloua maombi ya uraia ya baadaye na halina msamaha wa kueleweka. Anwani lazima iwe ya unapolala, sanduku la posta halikubaliki. Kama umehama na leseni ya udereva bado ina anwani ya zamani, beba hati nyingine ya serikali yenye anwani mpya, kwa mfano usajili wa gari. Majina yaandike kwa mpangilio ule ule wa kitambulisho, kwa sababu sisi wenye majina matatu tukiyageuza ukaguzi wa FBI unakwama. Ukicheleweshwa, kwa sheria ya shirikisho muuzaji anaweza kukukabidhi silaha siku tatu za kazi zikipita bila jibu, ingawa maduka mengine hukataa. Mwenye jina linalofanana na la watu wengi na anayecheleweshwa kila mara aombe FBI namba ya UPIN, yaani namba yake binafsi ya kumtofautisha na wenye jina kama lake, kisha awe anaiandika kwenye fomu. Swali la bangi lijibu kwa ukweli: fomu yenyewe inaonya kwamba ruhusa ya jimbo haibadilishi sheria ya shirikisho. Na usimnunulie binamu yako asiyeruhusiwa. Tangu 2022 kumnunulia mtu wa namna hiyo ni kosa la shirikisho lenye kifungo cha hadi miaka 15.

Sasa Texas. Tangu tarehe 1 Septemba 2021 mwenye umri wa miaka 21 asiyekatazwa kisheria anabeba bila leseni. Majimbo ya namna hiyo yalifika 29 pale South Carolina na Louisiana zilipojiunga 2024. Leseni ya kubeba, ile inayoitwa LTC, bado ina faida mbili ambazo watu huzipuuza. Ya kwanza ni kwamba kuna majimbo yanayoitambua na ambayo hayamruhusu asiye na leseni. Ya pili naiona kubwa zaidi: sheria ya shirikisho inakataza silaha ndani ya futi 1,000 za shule, na mmoja wa wanaosamehewa ni mwenye leseni iliyotolewa na jimbo lile lile ilipo shule. Asiye na leseni anatakiwa aitoe risasi bastola yake na kuifungia kwenye kasha kila anapopita hapo. Jaribu kuendesha gari Dallas bila kupita karibu na shule. Angalia pia kwamba leseni ya Texas haikupi msamaha huo ukiwa Oklahoma, kwa sababu haikutolewa na Oklahoma.

Kuipata si kazi. Ada ni dola 40, alama za vidole unalipia kando kwa miadi. Darasa huchukua muda wa saa nne hadi sita na linaweza kufanywa mtandaoni, lakini kulenga shabaha ni ana kwa ana: risasi 50, yaani 20 kutoka yadi 3, 20 kutoka yadi 7 na 10 kutoka yadi 15. Alama za juu ni 250, za kufaulu 175. Ukitulia kwenye yadi 3 na 7 umeshafaulu kabla ya kufika 15. Wanaoanguka ni wale wanaovuta kifyatulio kwa pupa, mdomo wa bastola unainama na risasi zote zinakwenda chini. Tangu 2017 hakuna kiwango cha chini cha ukubwa wa risasi, kwa hiyo mgeni wa silaha atumie bastola ya .22, haina msukumo mkubwa wa kurudi nyuma na risasi zake ni nafuu.

Jifunze pia vibao vinavyowekwa milangoni. Kibao cha 30.06 kinamzuia mwenye leseni aliyeficha bastola, 30.07 kinamzuia aliyeiacha ionekane, na 30.05 kinamzuia asiye na leseni. Kile chekundu cha "51%" ni baa, na humo bastola haiingii. Posta haiingii kabisa, hata maegesho yake, maana ni mali ya shirikisho.

Kuhusu leseni kutambulika nje ya Texas, hukumu ya kesi ya Bruen ya Juni 2022 imewachanganya wengi. Mahakama ya Juu ya Marekani ilifuta sharti la mwombaji wa leseni ya kubeba kuthibitisha "sababu maalumu". Leseni yenyewe haikufutwa. New York ikajibu kwa darasa la saa 16 na mazoezi ya risasi za kweli ya saa 2, Maryland inataka saa 16, New Jersey inatoza dola 200 kwa kibali cha miaka miwili. Hakuna hata moja kati ya hizo inayotambua leseni ya Texas, na Massachusetts, Connecticut, Illinois na California nazo hazitambui. Mwaka 2013 mama mmoja wa Philadelphia alivuka daraja kuingia New Jersey akiwa na kibali halali cha Pennsylvania. Aliposimamishwa kwa kosa la barabarani akamwambia askari mwenyewe kwamba ana bastola. Alikabiliwa na kifungo cha chini cha miaka mitatu na nusu, na ilifika 2015 kabla Gavana Chris Christie hajamsamehe.

Njia yako ya kawaida ni Arkansas, Tennessee, Virginia kwa barabara kuu ya I-81, kipande cha West Virginia, Maryland maili kama 12 tu pale Hagerstown, Pennsylvania, kisha I-84 kupitia New York na Connecticut. Watu watakutajia sheria ya shirikisho ya 1986 ya kupita salama. Ipo, na inasema hivi: bastola isiwe na risasi, na bastola pamoja na risasi visiwe mahali pa kufikika kutoka kwenye viti. Weka kwenye buti. Gari lisilo na buti, tumia kasha lililofungwa kwa ufunguo. Kisanduku cha dashibodi na kile cha katikati ya viti havihesabiki hata vikiwa na kufuli. Lakini inamlinda tu mtu ambaye ana haki ya kuwa na silaha hiyo anakotoka na vilevile anakokwenda, na wewe Lowell huna haki hiyo. Massachusetts kuwa na bastola nje ya nyumba yako au nje ya mahali pako pa kazi bila leseni yao ni kifungo cha chini cha miezi 18. Kwa hiyo ulinzi huo haukuanza hata Maryland, ulikufa ulipochagua mwisho wa safari. Isitoshe magazini za Glock 19 hubeba risasi 15, na Massachusetts ukomo ni 10.

Ungekuwa unalala Nashua, New Hampshire, mwendo mfupi tu kaskazini ya Lowell, hesabu ingebadilika, kwa sababu New Hampshire haidai leseni tangu 2017. Hata hivyo hapo katikati usilale New York wala Connecticut. Katika kesi ya Revell, iliyoamuliwa na mahakama ya rufaa mwaka 2010, msafiri aliyekosa ndege Newark alikabidhiwa sanduku lake lenye bastola, akalala nalo hotelini, na asubuhi alipoitangaza uwanjani akakamatwa. Mahakama ilisema sheria ya kupita haikumlinda, maana usiku ule silaha ilikuwa mahali anapoifikia.

Massachusetts hutoa leseni kwa wasio wakazi, ya mwaka mmoja, lakini kwa harusi ya mwezi ujao umechelewa. Iache Dallas. Na usimwachie binamu yako wa F-1 mnayekaa naye, wala usimpe namba ya kufungulia kasha. Badilisha namba kabla ya kuondoka, ufunguo wa akiba ondoka nao, au mwachie rafiki wa Texas unayejua kwamba sheria inamruhusu, kisha mwandikiane ujumbe wenye tarehe na namba ya bastola.

Kabla ya kuwasha gari kagua mfuko wa mlango, begi la mgongoni na chini ya viti. Magazini iliyosahaulika au risasi moja iliyodondoka inatosha kukuletea kesi Massachusetts, kwa sababu kule hata risasi zinahitaji leseni.