Jibu kwa mwenye ekskaveta Geita: sensa ya oili haioni vumbi

Mkuu, usitume hiyo hela. Nilikuwa nasoma uzi wako vizuri tu hadi pale uliposema muuzaji kakuhakikishia kwamba ukifunga sensa ya hali ya oili kwenye tenki la haidroliki, muda wa kumwaga oili ya ekskaveta yako ya machimboni utasogea kutoka saa 2,000 za kazi hadi 4,000. Hapo nikapandwa na hasira. Maneno hayohayo niliuziwa mimi, nikayalipia pampu.

Elewa kwanza unauziwa nini. Sensa ya aina uliyoweka picha inapima kitu kimoja: jinsi oili inavyohifadhi chaji ya umeme kati ya vibati viwili. Oili ya madini iliyo safi inasoma 2 na pointi kidogo, maji yanasoma karibu 80. Ndiyo maana maji kidogo tu yakiingia namba inaruka. Oili ikiungua na kuanza kuwa na asidi, namba inapanda polepole. Kwa hayo mawili sensa ni nzuri kweli, sina ugomvi nayo. Vumbi je? Kiasi cha udongo kinachotosha kuua pampu ni kidogo mno kuigusa hiyo namba. Kutafuta vumbi kwa sensa ile ni kama kupima malaria kwa mizani.

Na muuzaji anajua! Yule wangu alikuja na kompyuta yake, akamimina oili kwenye glasi, akazamisha sensa, akadondoshea maji kwa bomba la sindano. Grafu ikapaa, taa ikawa nyekundu, vijana wa gereji wakapiga makofi. Hakuna aliyemwambia achote vumbi pale alipokanyaga alitie kwenye glasi nyingine. Angelitia, grafu ingelala palepale na biashara ingeishia hapo. Mtu anayechagua cha kukuonyesha na cha kukuficha huyo hajakosea, amekudanganya. Nilipompigia baada ya pampu kufa, akaniuliza kama sensa ilikuwa bado inasoma. Ilikuwa inasoma, ndiyo. Ilisoma kijani mpaka siku mkono wa mashine ulipogoma kunyanyuka.

Ilivyokuwa ni hivi. Kifuniko cha kipumulio, yaani tundu ambalo tenki linapumulia hewa, kilipotea, opereta akaziba kwa kitambaa. Silinda zikitanuka, oili kwenye tenki inashuka na tenki linavuta hewa. Kwa hiyo kila mkono ulipopanda, vumbi jekundu lilikuwa linanyonywa ndani. Saa za kumwaga oili zikafika, nikapitiliza, kwa sababu taa ilikuwa kijani. Na kikemia oili ile ilikuwa nzima kabisa: haina maji, haijaungua. Nzima na chafu. Mwanya kati ya pistoni na tundu lake ndani ya pampu ni mikroni chache tu (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), wakati unywele wa mtu ni kama 70. Vumbi linaloingia mwanya huo hulioni kwa macho.

Fundi alichomoa filta ya marejeo, ile inayochuja oili inaporudi tenkini, akaikata, akaikunjua karatasi yake juani. Ilikuwa inameta. Chenga za shaba, njano, zimejipanga kwenye kila mkunjo, na ukipitisha kidole zinabaki kwenye ngozi. Sasa hapo ndipo hela inapoondoka, maana pampu ikijisaga hivyo haifi peke yake. Chenga zinakwenda valvu kuu, zinaingia silinda zote, zinajificha kwenye rejeta ya oili. Ukifunga pampu mpya bila kuosha vyote hivyo, nayo unaiua. Tukafungua kila kitu, tukamwaga oili yote, tukaosha tenki, hozi, rejeta. Noah ya familia iliuzwa. Na wale wanaojiandaa kuniuliza fundi wangu alikuwa wapi siku zote: alikuwa chini ya mashine anakaza bolti, wakati mwenye kompyuta yuko juu anapigiwa makofi.

Kwa hiyo shika hili moja hata kama mengine utayaacha: USISOGEZE SAA HATA MOJA YA KUMWAGA OILI KWA SABABU YA SENSA. Sogeza kwa majibu ya maabara tu. Kuna vitabu vya mashine vinavyoruhusu hadi saa 5,000 kwa oili za daraja la juu, lakini hata huko sampuli haziachwi. Haidroliki chukua kila saa 500, injini kila saa 250. Ichote mashine ikiwa ya moto na inaunguruma, kwenye paipu ya marejeo kabla ya filta, kwa chupa safi iliyofunikwa mpaka dakika ya kuchota. Usichote chini ya tenki, pale utapima matope. Na peleka pia sampuli ya oili mpya kutoka kwenye pipa, ili uwe na pa kulinganishia. Utashangaa mpya ilivyo chafu. Ipitishe kwenye filta kabla ya kuitia.

Majibu yakija, kwanza angalia silikoni, ile iliyomo kwenye mchanga. Ikipanda pamoja na alumini, huo ni udongo. Shaba ikipanda, pampu imeanza kuliwa. Halafu kuna namba tatu za ISO 4406, kipimo cha kimataifa cha usafi wa oili, zinazohesabu chembe kuanzia mikroni 4, 6 na 14. Kila namba ikipanda moja, chembe zimekuwa karibu mara mbili. Kutoka 18 hadi 21 ni kama mara nane, na macho yako hayataona tofauti yoyote kwenye chupa.

Kuna sensa zinazohesabu chembe kwa mwanga, zipo na zinafanya kazi, ila mapovu ya hewa na matone ya maji nayo zinayahesabu kama uchafu, hivyo pa kuzifunga panataka mtu anayejua.

Leo hii, kabla hujamjibu muuzaji, panda juu ya tenki uangalie kipumulio. Kama kuna kitambaa pale, zima mashine. Sampuli ya kwanza ikirudi weka picha ya majibu hapahapa, na usiikate ile safu ya silikoni.