Umepandikizwa nywele na unaishi Mombasa? Anza na maji

Karatasi ya maelekezo niliyopewa baada ya kupandikizwa nywele iliandikwa kwa mtu wa nchi ya baridi, mwenye shawa bafuni na maji matamu kutwa kucha. Huku kwetu mambo ni mengine. Wanaonitafuta siku hizi, wengine wametoka kufanyiwa Istanbul, wengine Nairobi, wana karatasi kama ile na maswali yaleyale: nitaoshaje kichwa na maji ya kisima? Nitaswali vipi? Na jua hili je? Nawajibu hapa wote kwa pamoja, kwa yale niliyoyapitia mwenyewe na yale daktari wangu aliyonisisitizia.

Ujue kwanza kilichowekwa kichwani mwako. Daktari ametoa mizizi ya nywele kisogoni, mmoja mmoja, kwa kifaa cha mviringo chenye upana usiozidi sana milimita moja, akaipanda mbele au utosini ndani ya vitundu vidogo. Mizizi hiyo haikushonwa. Mwanzoni inashikiliwa na damu iliyoganda tu, na siku mbili tatu za kwanza ukucha mmoja unatosha kuung'oa mzizi. Ikifika kama siku ya kumi, imeshashikana na ngozi. Masharti yote ya kuosha yanatokana na hilo, kwa hiyo ukilielewa, hata karatasi ikipotea utajua la kufanya.

Hospitali nyingi humwosha mgonjwa wenyewe mara ya kwanza, kati ya siku ya kwanza na ya tatu. Kubali, na uende na mtu atakayekusaidia nyumbani aone kwa macho yake. Mimi nilikwenda na mke wangu, na tangu hapo kazi ya kuosha ilikuwa yake. Mwenyewe huoni utosi wako, na mkono usioona hubonyeza zaidi ya inavyotakiwa.

Sasa maji. Hapa Mombasa maji ya bomba kutoka chemchemi za Mzima huja kwa zamu, na mitaa mingine hayaji kabisa, watu wanategemea visima na mikokoteni ya madumu. Maji ya visima vyetu vingi yana chumvi. Shampuu haitoi povu, na povu lisipotoka mkono unaanza kusugua wenyewe bila kutambua. Tena kwenye mitaa iliyobanana, kisima na choo cha shimo ni majirani, na wewe kichwa chako kina mamia au maelfu ya vidonda vidogo. Mtu atakwambia, "Lakini si hata hospitali wamekupa maji ya chumvi ya kupuliza?" Ndiyo, lakini yale yametakaswa na kupimwa, gramu 9 za chumvi kwa lita moja. Hayafanani na ya kisimani hata kidogo. Kwa wiki mbili za kwanza chemsha maji matamu, yafunike, yaache yapoe mpaka yawe vuguvugu. Dumu la lita tano linatosha kuosha kichwa mara moja na yakabaki.

Katika jambo hili kopo letu linaishinda shawa. Karatasi nyingi zinamwonya mtu asielekeze shawa kichwani kwa siku kumi hivi, kwa sababu nguvu ya maji inaweza kuitoa mizizi. Sisi tuna ndoo na kopo, na kopo humwaga maji polepole vile unavyotaka. Kaa kwenye kigoda, kichwa kiinue kidogo nyuma. Msaidizi akate kucha kwanza, anawe mikono kwa sabuni. Amwage maji toka karibu, yateremke yenyewe. Kisha atie shampuu ya watoto kidogo kiganjani, aichanganye na maji mpaka ipate povu jingi, aliweke lile povu juu ya nywele, halafu abonyeze kwa ncha za vidole, kama unavyobonyeza embe kujua limeiva. Juu, chini, basi. Asizungushe vidole wala asikwangue. Kisogoni, pale mizizi ilipotolewa, anaweza kuosha kwa uhuru kidogo zaidi. Amwage tena mpaka povu liishe.

Kukausha, achana na taulo. Nyuzi zake za vitanzi hunasa kwenye vigaga. Chukua leso kuukuu iliyolainika kwa kufuliwa, iweke juu bila kuburuta, iondoe. Kinachobaki kikauke kwa hewa.

Vigaga ndivyo vinavyowashinda watu. Vinakauka, vinawasha, na usiku mkono unakwenda wenyewe. Visibandue. Povu la kila siku huvilainisha, na ukipewa losheni ya kulainisha, ipake muda ulioambiwa kabla ya kuosha. Vingi huanguka kati ya siku ya saba na ya kumi na nne. Utaona kigaga ndani ya kopo na unywele umesimama katikati yake, na roho itakuruka. Tazama: kama hakuna damu, huo ni unywele tu ulioachia, mzizi umebaki ndani. Damu mbichi ikitoka ndipo umpigie daktari.

Kuhusu swala, niliuliza mapema na ninakushauri ufanye hivyo. Kuinama siku za mwanzo huongeza uvimbe, ambao kwa kawaida huteremka kwenye paji la uso hata macho siku ya tatu au ya nne, na kusujudu kunaigusisha chini sehemu iliyopandwa. Mgonjwa ana ruhusa ya kuswali kwa ishara akiwa amekaa. Na katika udhu, madhehebu ya Shafi yanatosheka na kupaka maji sehemu ndogo tu ya kichwa, kwa hiyo waweza kupangusa pembeni pasipopandwa. Muulize sheikh wako, mweleze hali yako waziwazi. Kulala pia, inua kichwa kwa mito kwa wiki ya kwanza, chali.

Joto na jasho ni shida ya kweli kwetu. Ungali hujapanga tarehe? Basi usipandikize wakati wa kaskazi, Januari na Februari jua linachoma hata kivulini. Subiri kipupwe, Juni hadi Agosti. Kofia zetu za kushonwa kwa mkono hubana palepale kwenye paji, ziweke kando. Vaa kofia pana iliyolegea, tena baada ya daktari kuruhusu. Helmeti ya bodaboda hapana, panda tuktuk. Bahari ya Nyali na Bamburi itakungoja mwezi mmoja mzima, na bwawa la kuogelea vilevile.

Mashangazi watakuletea mafuta ya nazi na habasoda kwa mapenzi yao. Pokea, shukuru, yaweke kabatini. Vidonda vikiwa vibichi, mafuta huziba na kukusanya uchafu. Baada ya mwezi, ngozi ikiwa imepona, hayana ubaya.

Kisha, kati ya wiki ya pili na ya sita hivi, nywele zilizopandwa zitaanguka. Karibu zote. Nakwambia sasa ili usije ukalia bafuni: ni kawaida, mzizi unapumzika. Zinaanza kuota mwezi wa tatu au wa nne, nyembamba na zilizopinda, na picha kamili huja baada ya mwaka, utosini hata zaidi. Katikati hapo vitatoka vipele vichache nywele zikipasua ngozi. Usivikamue. Kitambaa cha maji ya moto kiasi kinatosha. Lakini ukiona usaha, harufu, homa, maumivu yanayoongezeka au ngozi kugeuka nyeusi kuliko ilivyokuwa, usingoje kesho. Na kama ngozi yako ina tabia ya kuota makovu manene, hilo ulipaswa kuulizwa kabla. Kama hukuulizwa, lisemee sasa hivi, maana kovu likiwahiwa hutibika kwa urahisi zaidi.

Kwa kinyozi rudi baada ya mwezi, kwa mkasi tu. Mashine kwenye sehemu iliyopandwa ingoje mpaka daktari aseme, wengi husema miezi sita. Nenda na mashine yako mwenyewe, na umwambie kinyozi kabla hajakufunga kitambaa shingoni kwamba pale mbele pamepandwa.